Ukurasa wa Nyumbani: Mithali Hucheka Kwanza, Kisha Hufundisha



Mwezi uliopita ukurasa huu ulinena juu ya kutunza nafaka ya akiba. Mwezi huu twataka kunena juu ya akiba ya namna nyingine, isiyoliwa na panya wala fukusi, nayo ni mithali tulizoachiwa na wazee wetu.

Twanena habari hii kwa sababu tumeona ya kuwa mithali zatajwa kila siku majumbani na shuleni, walakini si kila azitajaye azitumia vema. Wako wanaozirusha kama mawe. Wako wanaozikariri kama kasuku: mwalimu asema nusu, watoto wajibu nusu, na hapana hata mmoja aliyetazama kilichomo ndani. Mithali ni chombo cha kazi, kama shoka. Shoka hupasua kuni za kupikia wali, na shoka lilo hilo huweza kumkata mtu mguu. Basi tutauliza maneno manne: kwa nini mithali huchekesha, kwa nini hunena habari za vitu vidogo, kwa nini hupingana, na ni lini mithali njema huleta madhara.

KICHEKO

Mtu mzima akikosa, ni taabu kumwonya. Ukimwambia waziwazi, "Wewe ni msengenyaji," atakasirika, naye atatafuta kosa lako akurudishie, na siku ile mtaachana bila kuagana. Wazee walilijua jambo hili, wakatafuta mlango wa uani. Hawakumtaja mtu, walimtaja nyani. Walinena, "Nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe." Watu wote barazani hucheka, na mkosaji hucheka pamoja nao, maana kila mmoja amekwisha kumwona nyani akipanda mti mbele ya wenzake, wala hana habari ya kinachoonekana nyuma yake. Baada ya kicheko hufuata kimya kidogo, na katika kimya kile mtu hujiuliza, "Je, ni mimi?" Aliyecheka amekwisha kuikubali hukumu kabla ya kujua ya kuwa kesi ni yake.

Wako waalimu wenzetu wanaoona haya kuitaja mithali hii mbele ya watoto. Sisi twaona hapana ubaya. Mbona Bwana wetu mwenyewe alinena habari ya mtu mwenye boriti jichoni, atakaye kumtoa nduguye kibanzi? Sisi watu wa pwani twaijua boriti. Ni mti wa mkoko, mgumu na mzito, ubebao dari za nyumba za mawe, na zamani majahazi yaliichukua kutoka mwambao wetu mpaka Arabuni. Basi mfikirini mtu mwenye mti huo jichoni, apita njiani, agonga miimo ya milango ya watu, naye asema, "Ndugu yangu, njoo nikutazame jicho." Hapana shaka waliosikia walitabasamu. Sisi twayasoma maneno yale kwa uso wa msibani, na kwa hiyo nusu ya nguvu yake yatupotea.

Kicheko cha pili ni cha mtu ajichekaye mwenyewe. "Kuku wa maskini hatagi, na akitaga haangui, na akiangua, vifaranga huchukuliwa na mwewe." Mwenye kunena hivi hamlaumu mtu. Amehesabu hasara zake moja moja, kama mwenye duka ahesabuvyo madeni, na mwisho wa hesabu amecheka. Mtu awezaye kuicheka taabu yake bado hajashindwa nayo. Lakini ukimsikia jirani akiitaja mithali hii, usicheke ukapita. Huenda akuambia kwa adabu ya kuwa nyumbani mwake jiko halikuwashwa tangu jana. Cheka naye, kisha katazame kikapu chako.

Kicheko cha tatu ni cha mgeni. "Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe." Watu wengi hudhani maana yake ni kumfukuza mgeni kwa werevu. Kweli wako wageni waliostahili kuambiwa hivyo, wale ambao kila asubuhi husema, "Leo nasafiri," na kila adhuhuri huuliza, "Mmepika nini?" Walakini tazameni tena. Mgeni hashiki jembe. Apewaye jembe ameacha kuwa mgeni, amekuwa mtu wa nyumbani. Ana kazi, na mwenye kazi ana haki katika chungu. Nchi yetu ya Tanga yalijua jambo hili. Mkonge uliletwa na Mdachi mmoja, jina lake Richard Hindorf, mwaka 1893, na katika miaka iliyofuata watu walikuja kutoka mbali kufanya kazi mashambani: kutoka Songea na Njombe, kutoka Burundi, na kutoka ng'ambo ya mto Ruvuma. Wengi walibaki, wakaoa, wakazaa, wakazikwa hapa. Leo wajukuu wao ni wana wa Tanga kama sisi. Jembe ndilo lililowafanya wenyeji. Basi mithali iliyoonekana kuwa ya uchoyo, ukiigeuza upande wa pili, ni mlango wa kumwingiza mtu nyumbani.

VITU VIDOGO

Wazee hawakwenda mbali kutafuta hekima. Waliitafuta jikoni, pwani na shambani, katika vitu ambavyo kila mtoto alivishika kwa mikono. Siku hizi watoto wengi wayajua maneno wala hawavijui vitu, na mithali isiyo na kitu chake ni kama kifuu kisicho na nazi.

Chukueni mithali hii: "Maji ya kifuu bahari ya chungu." Tuliwauliza watoto wa darasa moja maana yake. Mmoja alisema chungu ni cha kupikia, maana maji ya kifuu hutiwa chunguni. Wa pili alisema bahari ile ni chungu, haina utamu, kwa sababu ya chumvi. Walikuwa wameambiwa na mwalimu wao kuandika jibu, nao wameliandika miaka miwili bila kujua ya kuwa chungu wa mithali hii ni yule mdudu mdogo atembeaye katika sukari. Mwalimu, ambaye ni mtu mwenye akili, hakuwakaripia. Alitwaa kifuu, akakitia maji, akamtia chungu mmoja juu ya jani, akalizamisha jani taratibu. Watoto walisogea wakatazama jinsi mdudu yule alivyopigana na mawimbi yasiyoonekana, akizunguka asione pwani. Mtoto mmoja hakuweza kuvumilia, akamwokoa kwa ncha ya kijiti. Baada ya hapo hapakuwa na haja ya maelezo. Deni ambalo kwa mfanya biashara ni maji ya kunawia mikono, kwa mjane ni bahari. Na aibu ambayo kwa mtu mzima ni ya kucheka, kwa mtoto yaweza kumzamisha.

Ya pili ni ya mabaharia: "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Tezi ni nyuma ya chombo, anapokaa mshika usukani, omo ni mbele, panapopasua mawimbi, na ngama ni chini kabisa, ambapo maji yavujayo katika mbao hukusanyika. Chombo cha mbao, hata kikitiwa kalafati vema, hakikosi kuvuja kidogo. Kwa hiyo baharia aweza kwenda nyuma kuzungumza na nahodha, aweza kwenda mbele kutazama nchi, lakini hana budi kurudi ngamani kukumba maji, ama sivyo watazama wote, nahodha na mazungumzo yake. Kila nyumba ina ngama yake. Baba aweza kwenda mjini akasifiwa, aweza kukaa mbele katika kila mkutano. Lakini ada ya mtoto, paa livujalo, na neno la upole kwa mkewe vyamngoja chini. Mwenye sifa za tezi na omo, ambaye ngama yake imejaa maji, chombo chake hakifiki.

Ya tatu ni ya shambani: "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Msufi mwaujua, mti mrefu wenye matawi yaliyonyoka, ambao maganda yake yakipasuka hutoa pamba nyepesi ya kujazia mito. Kanda zima la usufi mtoto aweza kulichukua huku akicheza. Ndivyo uonekanavyo mzigo wa mtu mwingine machoni petu. Mume aketiye kivulini amwona mkewe akitoka kisimani, ndoo kichwani na mtoto mgongoni, naye asema, "Njia yenyewe si ndefu." Mpe ile ndoo siku moja, nawe utasikia njia ikirefuka kinywani mwake.

MITHALI KATIKA VITABU

Yafaa tuwakumbuke waliotangulia kuyaandika maneno ya namna hii. Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa Askofu, alichapisha London mwaka 1870 kitabu cha hadithi za Kiswahili alizosimuliwa na watu wa Unguja. Mwaka 1891 William Ernest Taylor, wa misheni ya Mombasa, alichapisha kitabu kizima cha mithali za Waswahili. Walakini Taylor hakuzitunga wala hakuziokota njiani. Alikaa na wenye elimu wa Mombasa, mmoja wao Mwalimu Sikujua bin Abdallah, akauliza na kuandika. Hapa Tanga penyewe gazeti la Kiswahili liitwalo Kiongozi lilianza mwaka 1904 katika shule ya serikali ya Wadachi. Na mwaka 1909 alizaliwa kijijini Vibambani, karibu na Tanga, Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962. Asomaye vitabu vyake huona jinsi mtu mmoja alivyoweza kunywa katika kisima cha mithali, naye akakiongezea maji.

Twawashukuru wote hao. Lakini kitabu huhifadhi neno, hakihifadhi baraza. Hakituambii mzee alinyamaza muda gani kabla ya kunena, wala alimtazama nani. Kitabu kitakupa mithali mia kwa mstari mmoja mmoja, zote zikiwa na sauti sawa. Kazi ya kujua ipi ni ya leo, na ipi ni ya kesho, yabaki kwetu.

MITHALI ZIPINGANAZO

Kijana mmoja aliyesoma alitucheka akisema, "Mithali zenu hazina maana. Moja yasema, 'Haraka haraka haina baraka,' na nyingine yasema, 'Ngoja ngoja huumiza matumbo.' Moja yasema, 'Mtegemea cha nduguye hufa maskini,' na nyingine yasema, 'Kidole kimoja hakivunji chawa.' Nishike ipi?" Tulimjibu ya kuwa swali lake ni zuri, wala si la leo. Hata katika kitabu cha Mithali, mlango wa 26, mstari wa 4 na mstari wa 5 vyakaa bega kwa bega: mmoja wakataza kumjibu mpumbavu, wa pili waagiza kumjibu. Aliyezipanga pamoja hakusinzia. Alitaka msomaji aamke.

Mithali si amri ya serikali ishikayo mahali pote siku zote. Ni kama dawa katika kabati la mganga. Chupa moja ni ya kuhara, na chupa nyingine ni ya kufunga choo, wala hapana asemaye ya kuwa mganga huyo ajipinga. Kosa ni la mgonjwa anywaye bila kuuliza.

Tuliona neno hili katika kijiji kimoja cha Bonde, wakati wa masika. Mtoto wa miaka mitatu alishikwa na homa kali. Mama yake alitaka kumpeleka zahanati usiku ule ule. Baba wa mtoto alikuwa safarini, na mwenye neno nyumbani alikuwa babu, mtu mwema mwenye kupendwa na wote. Babu alitazama mvua, akatazama njia, akanena, "Haraka haraka haina baraka. Tungoje kupambazuke, na mvua ikatike, pengine na homa itashuka." Mkwewe aliinamisha kichwa, maana si desturi mke wa mwana kumjibu mkwewe. Alimshika mtoto tu, na machozi yakamtoka.

Ndipo bibi, aliyekuwa akikuna nazi pembeni, alipoliacha kunalo akanena, "Babu yao, mithali hiyo nakuachia siku ya kuoza binti. Siku hiyo hata ukingoja mwaka, sitasema neno. Lakini homa haikuja kuposa. Mimi nami nina yangu: ngoja ngoja huumiza matumbo." Mzee hakutaka kucheka, lakini alicheka. Na kwa kuwa alicheka, hakuona haya kugeuza shauri lake. Kama angaliambiwa, "Umekosa," pengine angalikaza shingo. Alitwaa taa na fimbo yake, akatangulia njia, mama na mtoto nyuma. Damu ilipopimwa, ilionekana ni malaria. Mtoto alipata dawa, naye akapona.

Wazazi, lisikieni neno hili vema. Malaria ya mtoto mdogo haingoji mvua ikatike. Waganga hushauri mtoto mwenye homa apimwe na kutibiwa ndani ya saa 24 tangu homa ianze, maana ugonjwa huu huweza kugeuka kuwa wa hatari kwa muda mfupi. Hapo subira si fadhila.

Basi tutajuaje mithali ya kushika? Sisi twaona njia moja nyepesi. Ulizeni: hasara iko wapi? Kama hasara iko katika kukosea, kama vile kuoa, kujenga, au kumhukumu mtu, shikeni "haraka haraka haina baraka." Kama hasara iko katika kungoja kwenyewe, kama vile ugonjwa, moto, au mvua ya kupandia, shikeni "ngoja ngoja huumiza matumbo." Kadhalika mvivu aambiwe asitegemee cha ndugu, na mwenye kiburi aambiwe habari ya kidole na chawa. Shida ni kwamba kila mtu hupenda kuichagua ile isiyomgusa. Mvivu ndiye ahubiriye umoja, na mchoyo ndiye ahubiriye kujitegemea.

MITHALI NJEMA IKILETA MADHARA

Kuna njia tatu ambazo mithali njema hugeuka kuwa mbaya.

Ya kwanza ni kuikata nusu. Wanaume wengi hupenda kusema, "Mke ni nguo," na kwa sauti yao wataka tuelewe ya kuwa nguo huvuliwa na kubadilishwa. Lakini mithali haikuishia hapo. Yasema, "Mke ni nguo, mgomba kupalilia." Maana yake, kama mgomba usivyostawi pasipo kupaliliwa, ndivyo na mke asivyokaa kwa furaha pasipo kuvishwa na kutunzwa. Ni mithali ya kumkumbusha mume wajibu wake, nao wameigeuza kuwa ruhusa. Mzee mmoja alimsikia kijana akiikata hivyo barazani, akamwuliza kwa upole, "Mwanangu, na mgomba?" Kijana akajibu, "Mgomba gani, mzee?" Akamwambia, "Basi kama huujui mgomba, hata nguo hukuielewa." Baraza lote likacheka, na siku hiyo hapana aliyeikata tena.

Ya pili ni kumfunga mtoto kwa mithali. Waalimu, neno hili ni letu. Katika shule moja alikuwapo mtoto aliyekaa nyuma, naye akiulizwa hajibu, na akiitwa haji upesi. Mwalimu wake alimwambia mbele ya wenzake, "Sikio la kufa halisikii dawa." Darasa likacheka, na tangu siku ile mtoto akaitwa kwa jina hilo. Mwaka wa pili alikuja muuguzi kutazama afya za watoto, akakuta masikio ya mtoto yule yana ugonjwa na yatoka usaha. Alitibiwa, akahamishwa kuketi mbele, akaanza kujibu. Sikio lilikuwa halijafa. Dawa ndiyo iliyokuwa haijaletwa. Mithali ile wazee waliinena juu ya mtu mzima aliyeonywa mara nyingi akakataa kwa makusudi. Hawakuinena juu ya mtoto ambaye hapana aliyemtazama.

Kadhalika wako watetezi wa kiboko ambao husema, "Samaki mkunje angali mbichi." Mithali ni ya kweli, lakini nendeni pwani mkatazame. Mvuvi amkunjapo samaki mbichi hutumia vidole vyake, polepole, maana samaki mbichi ni laini wala hahitaji nguvu. Hatujamwona mvuvi amkunjaye samaki kwa fimbo. Samaki apigwaye kwa fimbo hakunjiki. Huvunjika, au huteleza akarudi majini. Kama mithali hii yafundisha jambo juu ya malezi, yafundisha kuanza mapema na kutumia mkono mwepesi.

Ya tatu ni kuvaa mithali kama upanga. Kanga zenye maneno zilienea pwani yetu mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi za Kirumi. Na jina la mfanya biashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, hutajwa sana katika habari zake. Ni jambo zuri mama kuchukua hekima kiunoni mwake. Walakini kanga hunena bila kufungua kinywa, na aliyesemwa hana pa kushitaki. Majirani wawili waligombana kwa ajili ya kuku aliyeingia bustanini. Mmoja akaenda kisimani na kanga iliyoandikwa, "Mchimba kisima huingia mwenyewe." Mwenzake hakujibu neno, alikwenda sokoni, na siku ya pili akaja na yake, "Debe tupu haliachi kuvuma." Ikawa mwezi mzima wanawake wa kijiji hicho hawaendi kisimani kuteka maji tu, waenda kusoma.

Mama mmoja mzee alichoka na vita hii. Mwajua kanga huuzwa kwa doti, nguo mbili zilizo sawa. Alinunua doti moja yenye neno, "Kidole kimoja hakivunji chawa," akaikata katikati, akampa kila mmoja kipande chake kama zawadi, wala hakueleza neno. Kuikataa zawadi ya mzee ni aibu. Kuivaa ni kuvaa neno moja na adui. Jumapili ile wote wawili walikuja wamevaa. Walipoonana walitazama chini, kisha wakatazamana, na kicheko kikawashinda. Mambo ya kuku yalizungumzwa jioni ile ile, na bustani ikapata uzio.

MASHAURI YETU

Twawashauri, wazazi na waalimu, mambo haya. Mithali ikitajwa, tafuteni kwanza kitu chake: kifuu, usufi, ngama, mgomba. Kisha itajeni nzima, msiikate. Kisha jiulizeni, "Huyu ninayemwambia, neno hili litamfungulia mlango au litamfungia?" Na kama mithali yawagusa wengine wote isipokuwa ninyi wenyewe, itafuteni ile nyingine inayoipinga, maana huenda ndiyo iliyo yenu.

Tena, jioni moja katika juma, baada ya kula, mwombeni babu au bibi atoe mithali moja tu, aeleze aliisikia kwa nani na siku gani. Msimharakishe. Wazee hao ndio baraza ambalo kitabu hakiwezi kulihifadhi, na kila mwaka tunapozika mmoja twazika na mithali ambazo hapana aliyemwuliza.

Wasomaji wetu wa Kibondei na Kisambaa, wa Kizigua na Kidigo, twawaomba mtuletee mithali za kwenu. Andikeni maneno yenyewe kwa lugha ya nyumbani, kisha maana kwa Kiswahili, kisha habari ya kitu kilichotajwa, na jinsi ilivyotumika. Majina ya waliogombana msiyaandike, kicheko chatutosha.

Na hii ndiyo mithali ya kufikiri mpaka mwezi ujao: "Penye miti hapana wajenzi." Watoto waulizwe, je, ni lawama, ni kilio, au ni kicheko? Na katika kijiji chenu, miti ni nini, na wajenzi wamekwenda wapi?

Kwaherini, mkae salama.

Sisi wenzenu wa Usagara, Tanga.